Mgeni asiye na ufunguo: kuinuka na kufifia kwa blogu za China

Wachina walipotafuta neno la kuiita blogu, walitua kwenye boke. Huandikwa kwa herufi mbili. Ya kwanza ina maana ya upana na wingi, hasa upana wa elimu. Ya pili ni mgeni. Kwa hiyo mwenye blogu, kwa Kichina, ni mgeni mwenye mengi kichwani. Neno hilo lilienezwa mwaka 2002 na Fang Xingdong na mwenzake Wang Junxiu, na naamini lina ukweli ambao huenda wenyewe hawakuukusudia.

Fang alikuwa mchambuzi wa teknolojia aliyejipatia jina kwa kuishambulia kampuni ya Microsoft. Katikati ya mwaka huo makala zake dhidi ya kampuni hiyo ziliondolewa kwenye tovuti kubwa za habari za China. Hakwenda kuwabembeleza wahariri. Agosti 2002 alifungua mahali pake mwenyewe, BlogChina, na kuwaalika wengine waje waandike. Yaani utamaduni wenyewe ulizaliwa na makala iliyofutwa, na ukifuatilia yaliyokuja baadaye, karibu kila kituo cha safari hiyo utakuta kuna maandishi yaliyofutwa.

Habari za blogu za China hutufikia zaidi kama vita kati ya wananchi na serikali. Vita ilikuwepo na nitaifikia. Lakini vita peke yake haielezi kwa nini watu milioni 47 walikuwa wanaandika blogu kufikia mwishoni mwa 2007, kwa hesabu ya CNNIC, kituo cha taifa cha takwimu za intaneti. Watu wengi kiasi hicho hawaamki asubuhi kwenda kupigana na serikali. Walichokiendea ni kitu cha nyumbani zaidi: mahali pa kusema "mimi" mbele za watu. Na kilichowaangusha, kwa maoni yangu, ni kwamba mahali penyewe hapakuwa pao hata siku moja.

Uzito wa hiyo "mimi" hauonekani mpaka ukumbuke shajara iliyosomwa kuliko zote katika China ya kikomunisti. Ilikuwa ya Lei Feng, askari kijana aliyefariki 1962. Mwaka uliofuata Mao Zedong alilitaka taifa zima lijifunze kwake, na maneno ya shajara ile yakaingia madarasani: kijana anayetamani kuwa skrubu isiyoshika kutu ndani ya mashine ya mapinduzi. Vizazi vya wanafunzi vilijifunza kuandika shajara kwa mfano huo, na mwalimu akazikusanya, akazisoma, akaweka alama. Mtoto alijua nani atasoma na anataka kusoma nini. Nafsi ya kwanza ilikuwa zoezi la utii.

Sasa chukua vijana waliolelewa hivyo, uwape ukurasa usio na mwalimu. Mwishoni mwa 2002 watumiaji wa intaneti China walikuwa kama milioni 59. Katikati ya 2008 walikuwa milioni 253, wameshaipita Marekani. Wengi walikuwa vijana, watoto wa pekee kwa wazazi wao kwa sababu ya sera ya mtoto mmoja, wakiishi mabwenini au wakikesha kwenye mabanda ya intaneti. Kampuni ya Tencent iliwafungulia Qzone mwaka 2005, na wakaipamba kama msichana anavyopamba chumba chake: muziki unaopiga mgeni akifungua ukurasa, picha za maua, rangi za kila namna. Wakaandika habari za mitihani, za mapenzi yasiyojibiwa, za bibi aliyebaki kijijini. Wasomi waliyaona hayo upuuzi. Mimi nayaona ndiyo mapinduzi yenyewe, maana mtu aliyezoea kusema "mimi nimechoka" bila kuomba ruhusa, kesho atasema "mimi nimeonewa."

Aliyewafundisha Wachina wengi kwamba blogu ipo alikuwa mwanamke wa Guangzhou aliyejiita Muzi Mei. Mwaka 2003, akiwa mwandishi wa safu katika jarida moja la jijini humo, alianza kuandika kwenye blogu yake kuhusu wanaume aliolala nao, bila majuto wala mapambo. Nchi ikawaka moto. Kabla mwaka haujaisha safu yake ilikuwa imekoma na blogu ameifunga. Sikubaliani na kitendo chake cha kumtaja mmoja wa wanaume hao kwa jina: maisha yako ni yako kuyasimulia, ya mwenzako siyo. Lakini baada yake hakuna aliyeuliza tena kama blogu ina wasomaji.

Kampuni kubwa zikanusa soko. Sina, mojawapo ya tovuti kubwa za habari, ilifungua huduma yake ya blogu mwaka 2005, na wahariri wake wakawafuata watu maarufu mmoja mmoja kuwaomba waandike. Mwigizaji na mwongozaji filamu Xu Jinglei alikubali. Aliandika habari za kazi yake, paka wake, uchovu wa safari, kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani kibarazani. Mwaka 2006, Technorati, tovuti iliyokuwa ikipima blogu za dunia nzima, iliiweka yake namba moja. Blogu ya Kichina kuhusu siku za kawaida za mwanamke mmoja ilizipita zote za Kiingereza, na nchi za Magharibi zilikuwa hazijawahi kusikia jina lake.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa jembe lilitolewa siku ya kwanza. Wageni waliandika bure, wasomaji wakaja kwa mamilioni, na matangazo yakauzwa na mwenye nyumba. Wakati ule haikuonekana kuwa tatizo. Nani angelalamika, na ukumbi umejaa?

Katika ukumbi huo hakuna aliyesikilizwa kuliko Han Han. Alizaliwa 1982, akaacha shule ya sekondari Shanghai, akawa mwandishi wa riwaya na dereva wa mbio za magari. Mwaka 2010 blogu yake ilikuwa imefunguliwa zaidi ya mara milioni 300. Ili kuelewa kwa nini, nadhani kisa kimoja kinatosha, na kinahusu barabara.

Septemba 2009 mfanyakazi mmoja wa Shanghai alikuwa akiendesha gari lake katika wilaya ya Minhang. Kando ya barabara mtu akamsimamisha: tumbo linamuuma, teksi hapati, amsaidie. Akampakia. Mwendo mfupi mbele, abiria akataka washuke, mara akachomoa ufunguo wa gari. Watu wenye sare wakatokea, wakamtoa dereva kwa nguvu, wakamwambia anafanya biashara ya teksi bubu. Gari likakamatwa, na akatozwa faini ya yuan 10,000 kabla ya kurudishiwa. Abiria mwenye tumbo alikuwa chambo. Wachina wana jina la mtego huo: kutekeleza sheria kwa ndoano ya samaki.

Dereva akayaandika mtandaoni, na siku chache baadaye Han Han akayabeba kwenye blogu yake. Hapo kisa kikabadilika ukubwa. Madereva wengine wakajitokeza kueleza walivyonaswa kwa mtindo uleule. Waandishi wa magazeti wakaanza kuuliza nani anawalipa hao chambo. Katikati ya Oktoba, katika wilaya ya Pudong, kijana wa miaka 18 aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kazi ya udereva alinaswa baada ya kumpakia mtu kando ya barabara. Kwa uchungu wa kutoaminiwa alichukua kisu akajikata kidole kidogo. Uchunguzi wa kwanza wa wilaya ulisema maofisa walifuata taratibu. Mtandao ulichafuka. Tarehe 26 Oktoba serikali ya Pudong ikageuza kauli na kuomba radhi hadharani, na mwezi uliofuata mahakama ya Minhang ikaamua kwamba adhabu aliyopewa yule dereva wa kwanza ilikuwa kinyume cha sheria.

Tazama kilichofanyika hapo. Hakuna aliyedai kuiangusha serikali. Mtu alisema "nimeonewa," mwenye ukumbi mkubwa akamkabidhi kipaza sauti, na umati ukakataa kutawanyika. Wachina huuita weiguan umati wa namna hiyo, watu wanaozunguka kutazama tukio. Zamani neno hilo lilibeba aibu ya kutazama mateso ya mwenzako bila kufanya kitu. Miaka ile ya blogu likageuka: kutazama kwenyewe kukawa kitendo, kwa kuwa ofisa anayejua anatazamwa na watu milioni moja hupima mkono wake kabla ya kuuinua.

Na ndiyo maana mwenye nyumba alianza kubisha hodi.

Udhibiti wa intaneti China, kwa sehemu kubwa, hufanywa na kampuni zenyewe. Serikali huiambia kampuni: lolote likichapishwa kwako, wewe ndiye utawajibika. Kampuni huajiri wakaguzi, huandaa orodha ya maneno, huweka programu za kuchuja. Kuna makala inayokataliwa palepale, na kuna inayoambiwa isubiri kukaguliwa mpaka maana yake ichache. Iliyo mbaya kuliko zote, kwangu mimi, ni ile ambayo mwandishi huendelea kuiona kwenye ukurasa wake kama kawaida, kumbe hakuna mwingine anayeiona. Amekaa anasubiri maoni, kumbe anasema na ukuta. Sijui ukatili wa kimya kimya unaozidi huo.

Microsoft nayo, ileile iliyomfanya Fang atafute pa kusemea, ilirudi kwenye simulizi hili ikiwa upande wa mwenye nyumba. Mwishoni mwa Desemba 2005 iliifuta blogu ya mwandishi wa habari Zhao Jing, anayejulikana kwa jina la Anti, iliyokuwa kwenye huduma yake ya MSN Spaces, baada ya kuandika kuhusu kuondolewa kwa wahariri wa gazeti moja la Beijing. Kwa mpangaji wa China, mwenye nyumba Mmarekani na mwenye nyumba Mchina walishika rungu lilelile.

Wachina wakajibu kwa mafumbo, na hapa msomaji wa Kiswahili ambaye bibi yake alisema na jirani kwa maandishi ya kanga atawaelewa haraka. Rais Hu Jintao alikuwa akihubiri jamii yenye hexie, yaani maelewano. Blogu ikifutwa, watu wakasema "imeletewa maelewano." Neno hilo nalo likaanza kuzuiwa. Basi wakatafuta neno linalokaribiana nalo kwa sauti: kaa wa mtoni. "Makala yangu imeliwa na kaa." Kila aliyesoma alielewa, na mkaguzi akabaki na kaa mkononi.

Lakini kuna mambo ambayo fumbo haliwezi kuyabeba, na majina ya wafu ni mojawapo. Tarehe 12 Mei 2008 tetemeko liliupiga mkoa wa Sichuan, watu karibu 70,000 wakafa, na madarasa mengi yakawaangukia watoto huku baadhi ya majengo ya jirani yakibaki wima. Wazazi waliyaita majengo ya masimbi ya tofu, laini kama mabaki ya soya iliyokamuliwa. Serikali haikutaka kuhesabu watoto shule kwa shule. Msanii Ai Weiwei, aliyekuwa na blogu Sina tangu 2005, akakusanya watu wa kujitolea, wakaenda kijiji kwa kijiji, nyumba kwa nyumba, kuuliza: mtoto wako aliitwa nani, alizaliwa lini, alisoma darasa gani? Walipata majina zaidi ya 5,000. Aliyaweka mtandaoni. Mwishoni mwa Mei 2009 blogu yake ilifungwa, na miaka karibu minne ya maandishi yake ikatoweka nayo. Kila nikilifikiria hili hasira yangu haipoi: mtoto afukiwe chini ya shule yake, kisha jina lake nalo lifukiwe.

Mwaka huohuo wa 2009, mwezi Agosti, Sina ilizindua Weibo, mtandao wa kijamii wa ujumbe usiozidi herufi 140. Kwa Kichina hiyo ni aya nzima, si sentensi moja, kwa hiyo Weibo haikuwa chombo chepesi. Treni mbili za kasi zilipogongana karibu na Wenzhou Julai 2011 na kuua watu 40, habari ilitoka ndani ya behewa kwa simu ya abiria kabla ya chombo chochote cha habari kufika. Msemaji wa wizara ya reli alipoulizwa kwa nini behewa limefukiwa haraka, alitoa maelezo na kusema: mkiamini msiamini, mimi naamini. Nchi nzima ilimsikia.

Bado nashikilia kwamba kuhama kutoka blogu kwenda Weibo kulikuwa hasara. Blogu ilikuwa na mlango, sebule na kumbukumbu. Ukimtembelea Xu Jinglei ulikwenda kwake, ukasoma alichoandika mwezi uliopita. Weibo ni soko. Unasikia aliyepiga kelele, na kesho kelele nyingine. Soko hudhibitiwa kirahisi kuliko nyumba milioni 47, kwa sababu unachohitaji ni kuwanyamazisha wenye sauti kubwa. Agosti 2013 walianza kukamatwa. Septemba mwaka huo mahakama kuu na waendesha mashtaka wakatoa tafsiri ya sheria: uvumi wa kashfa ukisambazwa mara 500 au kutazamwa mara 5,000, aliyeuandika anaweza kufungwa hadi miaka mitatu. Kusomwa sana, ambako ndiko kila mwandishi hukuomba, kukawa kipimo cha kosa. Watu wakahamia WeChat, programu ya simu ya kutumiana ujumbe, kwenye makundi ya ndugu na marafiki, wakafunga mlango.

Wapo watakaosema blogu zilififia kila mahali, hata Marekani ambako hakuna kaa wa mtoni. Simu janja ndiyo iliyoziua. Ni kweli kwa sehemu. Lakini mwandishi wa kule aliyeichoka blogu yake mara nyingi aliiacha imesimama, na leo unaweza kuifungua. China nyumba zilivunjwa. Kampuni ya NetEase ilifunga huduma yake ya blogu Novemba 2018, na haikuwa peke yake. Mei 2024 mwandishi He Jiayan alieleza alivyolitafuta jina la Jack Ma, mwanzilishi wa kampuni ya biashara ya mtandaoni ya Alibaba, kwenye Baidu, mtambo wa kutafutia habari wa Kichina, akiomba habari za 1998 hadi 2005. Alipata jibu moja. Tajiri aliyeandikwa kila siku, na miaka saba yake ikarudisha ukurasa mmoja! Ikiwa Jack Ma amepotea hivyo, yule mwanafunzi aliyeandika kuhusu bibi yake kwenye blogu ya 2006 utampata wapi? Makala ya He nayo iliondolewa.

Hili linanigusa kwa sababu nyingine pia. Niliwahi kuwa na blogu ya Kiswahili kwa miaka minne, kwenye huduma ya bure ambayo siku moja ilifungwa. Barua pepe ya notisi niliikuta muda umeshapita. Zilikwenda picha za msiba wa baba yangu mkubwa na maoni ya watu walionipa pole, na wengine kati yao sasa hawapo. Kwetu Tanzania, tangu Ndesanjo Macha aanze kublogu kwa Kiswahili mwaka 2004, tulijiona tuna uwanja wa bure. Mwaka 2017 naibu waziri Edwin Ngonyani aliisifu China kwa kuzuia mitandao ya nje na kujenga yake iliyo salama. Mwaka uliofuata kanuni za maudhui ya mtandaoni zikamtaka mwanablogu awe na leseni, na ada za kuanzia zilizidi shilingi milioni 2. Blogu ngapi za kijana mmoja na kompyuta ya mkopo zingeweza kulipa hiyo? Hatukujenga ukuta kama wa China. Tuliweka geti.

Na bado watu wanaandika. Machi 10, 2020, jarida la Renwu lilichapisha mahojiano na Ai Fen, daktari wa Wuhan aliyeonywa na wakubwa wake kwa kuwatahadharisha wenzake kuhusu virusi vipya vya korona. Yalifutwa saa chache baadaye. Wasomaji wakayarudisha kwa kuyaandika kinyumenyume, kwa emoji, kwa alama za Morse, hata kwa herufi za kale zilizochongwa kwenye mifupa miaka zaidi ya 3,000 iliyopita. Jijini humo humo mwandishi Fang Fang aliandika shajara mtandaoni, machapisho 60 ndani ya siku zile za kufungiwa: nani amekufa, dawa imepatikana wapi, jua limetoka. Yalifutwa na kurudishwa mara kadhaa, na baadaye alitukanwa sana aliposikika anachapishwa nje ya nchi. Kwangu mimi, sauti yake ni ileile ya 2005. Mtu mmoja, siku moja, jina lake juu ya ukurasa.

Li Wenliang, daktari wa macho wa Wuhan aliyeitwa na polisi kwa kuwaonya marafiki zake kuhusu virusi hivyo, aliandika kwenye Weibo mara ya mwisho tarehe 1 Februari 2020, kusema vipimo vimeonyesha ameambukizwa. Alifariki siku sita baadaye. Chini ya maneno yake yale machache watu wameacha maoni zaidi ya milioni moja, na wanaendelea. Humwambia habari za asubuhi, daktari. Humwambia mtihani umekuwa mgumu, mvua imenyesha, mtoto amezaliwa. Wengine humwekea picha ya paja la kuku wa kukaanga, kwa kuwa alipokuwa hai aliwahi kuandika kwamba analipenda.